Kupanga picha za mashamba wakati majani yanapopukutika: mwongozo hatua kwa hatua

Umesimama kando ya barabara ya vumbi. Mbele yako kuna bonde, ghala jekundu, miti iliyogeuka manjano na rangi ya chungwa, na nyuma yake vilima vinavyofifia kimoja baada ya kingine. Unainua kamera, unapiga, unaondoka na furaha. Jioni unafungua picha na kukuta madoa ya rangi yaliyotapakaa, ghala limekuwa dogo kama kiberiti, na jicho halijui litue wapi.

Pale shambani jicho lako lilikuwa likichagua. Lilitazama ghala, likahamia kwenye mti, likaipuuza nguzo ya umeme. Kamera haipuuzi chochote. Tena rangi za majira haya zina nguvu kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba picha tayari ipo, kumbe kilichopo ni rangi peke yake. Nimepoteza misimu mingi kabla ya kulielewa hili, na ndilo jambo ninalotaka ulishike: shamba ni mahali palipokwisha kuchorwa na kazi. Aliyelima, aliyejenga uzio, aliyepanda safu ya miti ya kukinga upepo, wote wameacha mistari juu ya ardhi. Itafute mistari hiyo kwanza. Panga picha ambayo ingesimama hata kama ingekuwa nyeusi na nyeupe, kisha iache rangi iivalishe.

Majira yenyewe nitayaita mapukutiko, kwa sababu neno vuli kwa wengi wetu linaleta mvua akilini.

Yajue majira kabla ya kufunga safari

Kaskazini mwa ikweta mapukutiko huanzia Septemba hadi Novemba, na kusini huwa Machi hadi Mei. Siku zinapofupika mti huacha kutengeneza klorofili, ile inayoyapa majani ukijani. Rangi za manjano na chungwa zilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, zimefunikwa tu, sasa zinajitokeza. Nyekundu na zambarau ni habari nyingine: katika miti mingi hutengenezwa wakati huohuo, na hukolea zaidi mchana unapokuwa na jua na usiku unapokuwa na baridi isiyofikia kugandisha. Kwa hiyo wiki ya anga safi yenye usiku wa baridi ndiyo ya kuiwinda.

Miti haigeuki yote pamoja. Sehemu za mwinuko hutangulia mabonde. Miti ya mepo (maple) hutangulia, mialoni (oak) huchelewa na kubaki na kahawia yake wakati wengine wamekwisha kuvuliwa. Ukiukosa upeo wa rangi kwenye shamba la mlimani, shuka bondeni wiki inayofuata.

Watu wengi hukimbilia ile wiki moja ya kilele. Mimi kwa picha za mashamba napenda zaidi wiki inayokuja baada yake. Majani yamepungua, matawi yanaonyesha mifupa yao, na nyumba iliyofichwa na miti tangu majani yalipochipua inaonekana. Rangi iliyobaki ni kidogo, nayo hukaa mahali pake kama kitambaa kimoja chekundu kwenye nguo ya kijivu.

Usisahau kwamba shamba lina kalenda yake, tofauti na ya majani. Mahindi huachwa yakauke yakisimama, kisha mashine hupita siku moja na kubakiza mabua mafupi yaliyojipanga safu kwa safu. Ngano ya baridi hupandwa wakati huu, na chipukizi zake hutoa kijani kibichi katikati ya udongo wa kahawia. Hiyo ni zawadi kubwa kwa mpiga picha. Maboga hulala shambani kwa muda mfupi. Mizabibu hubaki na majani yake ya manjano baada ya zabibu kuchumwa. Shamba uliloliona leo likiwa limejaa linaweza kuwa tupu kesho mchana, basi muulize mwenyewe atavuna lini na ataanzia wapi.

Hatua ya kwanza: omba ruhusa

Hili si adabu ya pembeni, ni sehemu ya kupanga picha. Mwenye shamba akikuruhusu kuingia, unapata pembe ambazo mtu wa barabarani hatazipata kamwe, na unapata muda wa kungoja mwanga bila wasiwasi.

Kuna mfano unaostahili kukumbukwa. Huko Pomfret, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kuna shamba liitwalo Sleepy Hollow Farm, lenye barabara inayopinda kushuka hadi kwenye nyumba na maghala yaliyozungukwa na miti. Picha zake zilisambaa mno mitandaoni, na wageni wakafurika hadi wakazi wakashindwa kupita kwenye barabara yao nyembamba. Mwaka 2023 barabara hiyo ilifungwa kwa wasio wakazi katika majuma ya rangi. Mahali pazuri palifungika kwa sababu waliopapenda hawakupatunza.

Kwa hiyo: lango uliloliacha nyuma yako libaki kama ulivyolikuta, lililofungwa lifungwe na lililo wazi liachwe wazi. Usikanyage shamba linaloonekana tupu kabla ya kuuliza, huenda limepandwa jana. Waya mwembamba juu ya uzio chukulia kuwa una umeme. Safisha viatu unapotoka shamba moja kwenda jingine, maana magonjwa ya mimea na mifugo husafiri na tope. Na gari lako lisizibe njia ya trekta.

Hatua ya pili: zunguka mikono mitupu

Fika mchana, siku moja kabla, na uiache kamera begini. Tembea taratibu kulizunguka eneo, ukilitazama ghala kutoka pande zote nne. Mambo ya kuyaweka akilini ni machache: ukuta upi utapata jua la asubuhi, kivuli cha miti kitaangukia wapi, na ni wapi vitu vinagongana, kwa mfano mti unaoonekana kana kwamba umeota kwenye paa.

Jua la mapukutiko halifuati njia ya jua la kiangazi. Karibu na tarehe 22 au 23 Septemba huchomoza mashariki kabisa, na kutoka hapo, kwa aliye kaskazini mwa ikweta, machomozo husogea kuelekea kusini kila siku. Ukuta uliouona ukiwaka alfajiri ya Juni unaweza kuwa kivulini alfajiri ya Oktoba. Jua pia hushuka. Kwenye latitudo ya nyuzi 45, saa sita mchana mwishoni mwa Septemba jua huwa kwenye kimo cha nyuzi 45 hivi. Mwanzoni mwa Novemba limeshuka hadi karibu nyuzi 30. Maana yake kwako ni nzuri sana: vivuli vinabaki virefu kwa saa nyingi, na mwanga wa kupiga picha hauishi mara tu kifungua kinywa kinapokwisha.

Hatua ya tatu: chagua mhimili mmoja

Kabla ya kusimika tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, jiambie kwa sentensi fupi: hii ni picha ya nini? “Ya ghala linalochungulia ukungu.” “Ya mti mmoja uliosalia na majani.” Ikiwa sentensi yako ina “na” mara tatu, huna picha moja, una tatu, na kila moja inahitaji fremu yake.

Mhimili ni kile ambacho ukikiondoa picha inaanguka. Ghala, mnara wa nafaka, mti wa peke yake, kinu cha upepo, marobota ya nyasi kavu, trekta iliyoegeshwa. Vingine vyote ni wasaidizi, na msaidizi asiyesaidia atoke nje ya fremu.

Ghala jekundu linataka uangalifu wa pekee. Wekundu ule ulitokana na rangi ya kupaka iliyochanganywa na oksidi ya chuma, yaani kutu, malighafi ya bei nafuu iliyolinda mbao. Ni wekundu ulioelemea kahawia, hivyo ukiuweka mbele ya miti myekundu unamezwa. Hamisha miguu yako mpaka nyuma ya ghala kuwe na kitu kisichofanana nalo: ngano changa ya kijani, miti ya manjano, ukungu wa kijivu au kilima kilicho kivulini. Nyumba nyeupe ni kinyume chake. Huvuta jicho kwa nguvu hata ikiwa ndogo na iko mbali, kwa hiyo kama si mhimili wako, ifiche nyuma ya mti.

Uuweke wapi huo mhimili? Kanuni ya theluthi, ya kuigawa fremu mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu na kuweka kitu kwenye makutano, ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini ghala linaloakisiwa katika bwawa lililotulia linapendeza katikati kabisa, na mti wa peke yake katika shamba tupu unaweza kusukumwa karibu na ukingo ili utupu wenyewe ulemee. Jambo ninalolizingatia zaidi ni uelekeo. Trekta inayotazama kulia iachiwe nafasi kulia.

Hatua ya nne: fuata mistari

Hapa ndipo shamba linapozidi mandhari nyingine zote. Msitu una rangi nyingi kuliko shamba, lakini hauna mistari. Shamba lina matuta, nyua, njia za matairi, mitaro, safu za mizabibu, mipaka kati ya zao na zao.

Anza na matuta. Simama mwishoni mwa shamba ukitazama kando ya urefu wake, na matuta yote yatakimbilia sehemu moja kwenye upeo. Sasa piga hatua mbili kushoto, tazama. Hatua mbili kulia, tazama. Sehemu yanapokutania huhama pamoja nawe. Endelea kusogea mpaka ikae chini ya mhimili wako, ili kila mstari uwe kidole kinachoonyesha ghala. Geuka ulitazame shamba lilelile kutoka ubavuni, na matuta hayakimbii tena. Yanakuwa mikanda iliyolazwa, tulivu, mizuri kwa picha ya vilima vilivyopangana. Shamba moja, hisia mbili.

Barabara inayopinda mara mbili huingiza jicho polepole, na ndiyo maana kila mtu anaipenda. Angalia tu inaishia wapi. Barabara inayotoka nje ya fremu upande wa pili inamtoa mtazamaji pamoja nayo. Subiri au sogea mpaka ipotee nyuma ya ghala, nyuma ya kilima au ndani ya ukungu.

Uzio ni mgumu. Ukikatiza fremu kutoka ukingo hadi ukingo, unamfungia mtazamaji nje. Ukae kwa mshazari, au tafuta lango lililo wazi na ulifanye mlango wa picha. Mahali mstari unapoingilia fremu pia pana uzito: ukiingilia kwenye kona kamili unaigawa picha kama kisu, basi uache uingie juu kidogo ya kona, au kando yake.

Hatua ya tano: panda au shuka

Wengi hupiga kila picha kutoka kimo cha macho yao, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Kimo cha kamera ndicho kinachoamua kama sehemu za picha zitaachana au zitabanana.

Ukipandisha kamera, sehemu ya kati ya mandhari hufunguka: shamba lililokuwa ukanda mwembamba linakuwa uwanja, matuta yanahesabika, na bwawa linatokea. Ukishusha kamera karibu na ardhi, sehemu ya kati hufumba na kilicho mbele kinakuwa kikubwa, iwe boga, majani yaliyoanguka au mabua yenye umande. Hakuna iliyo sahihi daima. Uliza tu kati ya mbele na nyuma pana nini. Pakiwa na kitu kizuri, panda. Pakiwa na kitu cha kuchosha, chuchumaa.

Kipimo changu ni paa. Paa la ghala likigusa mstari wa upeo, viwili hivyo vinagandamana na picha inakosa kina. Panda juu ya kichuguu, ngazi au kilima mpaka paa lishuke chini ya upeo na kuzungukwa na shamba, au shuka mpaka lisimame peke yake juu ya anga. Kati ya hali hizo mbili usikae.

Faida ya kimo inaonekana wazi huko Palouse, jimbo la Washington nchini Marekani, ambako vilima laini vya udongo uliopeperushwa na upepo hulimwa ngano. Ukiwa barabarani unaona mgongo wa kilima kimoja tu. Ukiwa juu ya Steptoe Butte, yenye mwinuko wa takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, vilima hivyo vinageuka mawimbi, na alama za jembe zinafuata mikunjo yake moja baada ya nyingine.

Hatua ya sita: lenzi na umbali

Ukiambiwa mandhari, mkono huenda kwenye lenzi pana, inayoingiza eneo kubwa. Kwa mashamba ningekushauri uanze na lenzi ndefu, inayovuta vya mbali, ya milimita 70 hadi 200. Inatoa nje anga jeupe, nguzo za umeme na gari lililoegeshwa, na inakubakizia ghala, safu moja ya miti na kilima.

Lakini elewa inavyofanya kazi. Ukubwa wa ghala ukilinganishwa na kilima kilicho nyuma yake hauamuliwi na lenzi, unaamuliwa na mahali uliposimama. Ukiwa karibu na ghala, kilima kinanywea. Ukirudi nyuma mita mia kadhaa kisha ukalivuta ghala kwa lenzi ndefu hadi ukubwa uleule, kilima kinainuka nyuma yake kama ukuta. Kwa hiyo chagua kwanza uwiano unaoutaka kwa miguu, kisha uchague lenzi ya kuukata.

Lenzi pana, milimita 16 hadi 24, itumie pale tu unapokuwa na kitu chenye nguvu ndani ya mita moja au mbili kutoka ulipo. Bila hicho, nusu ya picha itakuwa nyasi. Na usiiinamishe juu ili kulikamata paa, maana kuta za ghala zitaonekana zinaanguka nyuma. Weka kamera sawasawa na upeo, rudi nyuma, kisha kata ziada ya chini baadaye.

Hatua ya saba: sasa rangi

Kama umezifuata hatua zilizotangulia, picha yako ina mifupa. Ipime. Kamera nyingi hukuruhusu kuweka skrini ionyeshe nyeusi na nyeupe huku faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, likihifadhi rangi zote. Weka hivyo, tazama. Je, ghala bado linaonekana? Miti imeachana na kilima? Mara nyingi utashtuka: mti mwekundu na nyasi za kijani, vinavyopigana kwa rangi, vina uangavu uleule, na bila rangi vinakuwa uji mmoja wa kijivu. Hapo unahitaji mwanga ufanye kazi ya kuvitenga, yaani usubiri mti upate jua huku nyasi zikiwa kivulini.

Kisha rudisha rangi, na uzipunguze. Mbili au tatu zinatosha. Rangi ya chungwa na buluu zinakabiliana kwenye duara la rangi, ndiyo sababu mti wa chungwa dhidi ya kilima kilicho kivulini, chenye ubuluu wa mbali, hushika jicho mara moja. Rangi za joto husogea mbele, za baridi hurudi nyuma. Itumie sifa hiyo kujenga kina: manjano karibu, buluu mbali.

Siku ya mawingu usikae nyumbani. Mwanga laini huziacha rangi za majani zikolee bila vivuli vikali, na mvua huyafanya magome kuwa meusi hadi manjano yanang’aa juu yake. Sharti ni moja tu: anga jeupe likae nje ya fremu. Siku hiyo chukua pia kichujio cha polaraiza. Majani mabichi kwa mvua yana mng’ao mweupe unaofunika rangi yake, na kichujio hicho huuondoa. Kizungushe polepole ukitazama, usiache kiwe kwenye nguvu zote kwa mazoea. Juu ya anga hufanya kazi zaidi ukielekeza kamera pembe mraba na jua, na kwenye lenzi pana sana kinaweza kuacha doa jeusi upande mmoja wa anga.

Hatua ya nane: ungoje mwanga wake

Kati ya mwaka 1890 na 1891 mchoraji Claude Monet alichora rundo za ngano zilizokuwa karibu na nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, turubai zipatazo 25. Alikuwa na turubai kadhaa kwa wakati mmoja, akibadilisha moja kwa nyingine kadiri mwanga ulivyobadilika. Rundo ni zilezile. Kinachochorwa ni saa. Nawaza juu ya kazi ile kila ninapotamani kuondoka baada ya picha moja.

Mwanga wa ubavuni, jua likiwa chini kushoto au kulia kwako, ndio wa matuta na marobota. Kila tuta linapata upande wa nuru na upande wa giza, na ardhi iliyoonekana tambarare mchana inainuka. Mwanga wa mbele yako, yaani unapolielekea jua, ndio wa majani: jani linapitisha nuru na kuwaka kama taa, na vumbi la mashine ya kuvunia linakuwa wingu la dhahabu. Kinga lenzi kwa mkono au jifiche kwenye kivuli cha shina. Mwanga wa mgongoni mwako ni salama na bapa. Nautumia kwa vilima vya mbali peke yake.

Ukungu ndio ninaoupenda kuliko vyote, kwa sababu unafanya kazi ya kuchagua kwa niaba yako. Unafuta nyuma na kuacha mhimili. Utafute baada ya usiku mtulivu, usio na mawingu wala upepo, hasa kama mchana uliotangulia ardhi ililowa. Hukaa mabondeni na juu ya mabwawa, na jua likishapanda huyeyuka ndani ya saa chache, wakati mwingine upesi zaidi. Fika gizani. Simama juu ya ukungu kama kuna kilima, ili mapaa na vilele vya miti vitokeze kama visiwa. Jalidi ya asubuhi nayo huchora ukingo mweupe kwenye kila bua, lakini hudumu mpaka jua liiguse, basi anza na sehemu zilizo kivulini ambazo zitapata jua mapema.

Mipangilio ya kamera, kwa ufupi

Faili la RAW. ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga, iwe 100 kama una tripodi. Tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11 (namba ikikua, tundu hupungua); ukifika f/16 na kuendelea ukali wa picha huanza kupungua. Ikiwa kitu cha mbele kiko karibu mno, piga fremu mbili au tatu zenye fokasi tofauti ukaziunganishe baadaye. Upepo ukitikisa majani, pandisha ISO ili kasi ya shata ifikie 1/125 ya sekunde au zaidi, kwani chembechembe kidogo ni bora kuliko majani yaliyofifia.

Mizani ya weupe, mpangilio unaoamua kamera itaonaje rangi ya mwanga, usiiache kwenye otomatiki. Kamera huona ujoto wa machweo kama kasoro na kuusahihisha. Weka ya mwanga wa jua, karibu Kelvini 5,200 hadi 5,500. Na unapotazama histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha, fungua ile ya rangi tatu. Nyekundu hufika ukingoni kabla ya nyingine, na majani ya mepo yakishaungua, yaani kuzidiwa na mwanga, hakuna programu ya kuyarudishia mishipa yake.

Hatua ya tisa: kagua kingo, kisha ungoje uhai

Kabla ya kubonyeza, zungusha jicho kwenye kingo zote nne za fremu. Tawi linaloingia kutoka juu, nusu ya robota, kipande cha anga kinachong’aa kwenye kona: vitu hivi havionekani mtu akiwa amelitazama ghala, na vinaonekana vyote nyumbani. Nusu ya kitu ama iingie yote au itoke yote.

Halafu tulia. Fremu iliyopangwa vizuri ni jukwaa, na shamba lina watu na wanyama. Ndege hulifuata jembe. Ng’ombe hurudi kwa njia ileile kila jioni. Moshi hutoka bombani mtu anapowasha jiko. Mtu mdogo akitembea kando ya safu ya miti anampa mtazamaji kipimo cha miti hiyo. Mtu huyo akitambulika, muombe.

Fremu moja tangu mwanzo hadi mwisho

Tuseme umepewa ruhusa kwenye shamba lenye ghala jekundu bondeni, mabua ya mahindi mbele, na safu ya miti ya manjano nyuma. Mchana unazunguka na kugundua kwamba kutoka langoni miti inalikata paa katikati. Unahamia mashariki hatua arobaini hivi, na paa linapata manjano matupu nyuma yake. Kutoka hapo safu za mabua zinaelekea kushoto kwa ghala. Unasogea mpaka zielekee mlangoni. Upeo unagusa paa, basi unapanda kingo ya mtaro, kimo cha mita moja tu, na paa linashuka.

Kesho yake unafika gizani. Unarudi nyuma mpaka kilima cha mbali kiwe kikubwa kama unavyotaka, lenzi iko kwenye milimita 100. Skrini ni nyeusi na nyeupe: mabua yanaonekana, ghala linaonekana, miti na kilima vimegandamana. Unangoja. Jua linagusa vilele vya miti kwanza huku kilima kikiwa bado kivulini, na viwili vinaachana. Unakagua kingo, unakuta ndoo ya plastiki kona ya kulia, unageuza kamera kidogo. Unapiga. Unabaki dakika ishirini zaidi, na katika dakika hizo mwenye shamba anafungua mlango wa ghala, taa ya ndani ikiwa inawaka.

Hiyo ndiyo ya kuchapisha. Chapisha mbili, na moja umpelekee mwenyewe. Atakapoitazama atakuambia ni shamba lipi litalimwa wiki ijayo, na kutoka kilima gani babu yake alizoea kulitazama.